Ekzosi Inayoimba: Jinsi ya Kuchagua Bomba Jipya la Gari la Rimoti la Petroli

Mwenzetu mmoja wa maabara alikuja asubuhi moja na pistoni mkononi, ameishika kama mtu aliyeokota ushahidi. Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Upande mmoja ulikuwa unang'aa vizuri, upande wa pili umechubuka kwa mistari mirefu ya wima, kama kitu kilichokwanguliwa kwa msumari. "Imenoki," akasema. "Na juzi tu nimeifungia ekzosi mpya."

Kumbe neno la kuangalia hapo lilikuwa hilo la mwisho. Alinunua bomba zuri, akalifunga kwa nusu saa, gari likaruka kama limepigwa na kitu. Alimaliza tangi mbili za mafuta akiwa anacheka peke yake uwanjani. Tangi ya tatu haikuisha. Bomba halikuwa bovu na injini haikuwa bovu. Kilichokosekana ni kuelewa kwamba ekzosi ya injini ya aina hii siyo bomba la kutupia moshi tu. Ni sehemu ya injini, na ukiibadilisha umebadilisha injini.

Kwa hiyo leo tuongelee hilo. Ukimaliza kusoma utaweza kuangalia picha ya bomba dukani na kujua litafanya nini kwenye gari lako, na utajua cha kufanya siku ya kwanza ili usije na pistoni mkononi.

Kwanza tuelewane maneno

Ukiingia kwenye maduka ya Kimarekani utaona magari haya yanaitwa ya "gesi". Usifikirie mtungi wa kupikia. Wamarekani huita petroli hivyo. Kuna familia mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya naitro: magari madogo zaidi yanayotumia methanoli iliyochanganywa na naitromethani na oili. Ya pili ni ya petroli ya kawaida kabisa ya kituoni, inayochanganywa na oili ya tu-stroki. Hizi za petroli ni kubwa, mara nyingi ukubwa wa moja ya tano ya gari halisi, na injini zake huwa za sentimita za ujazo 23 hadi 32 hivi. Ni ndugu wa damu wa injini za mashine za kufyekea nyasi: silinda moja, plagi moja, kamba ya kuvuta, zinapozwa na hewa.

Makala hii ni ya hizo za petroli. Kanuni za fizikia ni zilezile kwa naitro, ila namba zinabadilika.

Mlango usio na mlinzi

Injini ya gari la kawaida barabarani ina valvu. Zinafunguka na kujifunga kwa zamu, kila moja inajua kazi yake. Injini ya tu-stroki haina valvu kwenye silinda. Ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua ikishuka na kuyaziba ikipanda.

Pistoni ikishuka baada ya mlipuko, tundu la moshi linafunguka kwanza. Moshi wenye presha kubwa unatoka kwa kishindo. Pistoni ikizidi kushuka, matundu ya kuingiza yanafunguka, na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unaingia kutoka chini ya pistoni na kuusukuma moshi uliobaki. Kisha pistoni inapanda, inaziba matundu ya kuingiza, halafu inaziba tundu la moshi.

Umeona tatizo liko wapi? Kuna muda ambapo mchanganyiko mpya unaingia na mlango wa kutokea bado uko wazi. Sehemu ya petroli uliyoinunua inapita moja kwa moja na kutokea nje bila kuungua. Baya zaidi, wakati pistoni inapanda, tundu la moshi ndilo linalozibwa mwisho, kwa hiyo pistoni yenyewe inasukuma mchanganyiko mzuri nje kabla ya kufunga mlango. Ni kama daladala inayopakia abiria mlango wa mbele huku wanashukia mlango wa nyuma.

Ungependa nini? Mtu wa kusimama mlango wa nyuma, awarudishe ndani walioanza kushuka, halafu mlango ufungwe. Bomba lililopimwa vizuri linafanya kazi hiyo, na linaifanya bila kifaa chochote kinachosogea. Linatumia sauti.

Mawimbi mawili, kazi mbili

Tundu la moshi linapofunguka, kinachokimbia kwenye bomba si moshi peke yake. Mbele yake kuna wimbi la presha, yaani sauti kali sana. Wimbi hilo linasafiri haraka kuliko moshi wenyewe.

Sasa liangalie bomba lenyewe kwa ubavu. Linaanza jembamba, linapanuka taratibu kama tarumbeta, linafika tumboni, kisha linabanwa tena kwa ghafla zaidi, na mwisho kuna kijibomba chembamba cha kutokea. Kila sehemu ina kazi yake.

Wimbi la presha likifika kwenye koni inayopanuka, sehemu yake inarudi nyuma ikiwa imegeuka: badala ya msukumo, inarudi kama mvuto. Ndiyo kanuni ya wimbi linalokutana na nafasi kubwa zaidi. Mvuto huo ukifika kwenye silinda, unafyonza moshi uliobaki na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia kwa kasi. Sehemu ya mchanganyiko huo inavutwa mpaka ndani ya bomba lenyewe, na hilo si tatizo, subiri.

Sehemu ya wimbi iliyobaki inaendelea mpaka kwenye koni inayobana. Hapo inagonga na kurudi bila kugeuka, yaani inarudi ikiwa bado ni msukumo. Ikifika kwenye tundu la moshi muda mfupi sana kabla pistoni haijaliziba, inaurudisha ndani ule mchanganyiko uliotoroka. Mlango unafungwa, na silinda ina chakula kingi kuliko ambacho ingekipata yenyewe.

Neno la kushika hapa ni *ikifika kwa wakati*. Ikiwahi sana inasukuma moshi mchafu kurudi ndani. Ikichelewa inakuta mlango umeshafungwa. Ndiyo maana bomba moja linaweza kufanya gari lipae kwenye mzunguko fulani na kuwa zito kama jiwe kwenye mzunguko mwingine.

Siri iliyovuka mpaka

Elimu hii ina historia yake. Katika miaka ya 1950, kwenye mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ alikuwa na bajeti ndogo na akili kubwa. Aliyasoma mawimbi ya ekzosi kwa vipimo, akaunganisha umbo la bomba na muda wa matundu, na kufikia mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa inatoa nguvu ya farasi takribani 25, yaani kama 200 kwa kila lita, bila kifaa cha kusukumia hewa.

Mwaka huohuo, mwezi mmoja tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva wake nyota Ernst Degner alikwenda kushindana Kristianstad, Sweden, na hakurudi tena Mashariki. Alijiunga na Suzuki na akabeba ujuzi wa MZ kichwani. Mwaka 1962 Degner na Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 50.

Kwa hiyo ukilishika bomba lile lenye tumbo kwenye gari lako la rimoti, umeshika kitu ambacho mtu aliwahi kuhama nchi nacho.

Hesabu ya dakika mbili

Tupige hesabu. Wimbi linatakiwa kwenda na kurudi ndani ya muda ambao tundu la moshi liko wazi. Muda huo unapimwa kwa nyuzi za mzunguko wa kranki. Chukua mfano wa injini ambayo tundu lake linabaki wazi kwa nyuzi 160.

Injini ikizunguka mara 16,000 kwa dakika, inapita nyuzi 96,000 kila sekunde. Nyuzi 160 zinapita kwa sekunde 0.00167. Mwendo wa sauti kwenye moshi wa moto, tuseme nyuzijoto 400, ni kama mita 520 kwa sekunde, siyo zile 343 za hewa ya kawaida. Kwa muda huo wimbi linasafiri mita 0.87 hivi. Kwa kuwa linakwenda na kurudi, gawa kwa mbili: sentimita 43. Huo ndio urefu kutoka kwenye uso wa pistoni mpaka katikati ya koni inayobana.

Ukitaka kwa ufupi:

urefu (mita) = mwendo wa sauti × nyuzi za tundu ÷ (12 × mizunguko kwa dakika)

Badilisha mizunguko uone. Kwa 14,000 unapata kama sentimita 50. Kwa 12,000 unapata kama sentimita 58. Somo ni rahisi: bomba fupi ni la mizunguko ya juu, bomba refu ni la mizunguko ya chini. Sentimita sita tu zinahamisha nguvu yako kwa mizunguko 2,000.

Hesabu hii inakupa makadirio ya kuanzia. Joto la moshi linabadilika, na umbo la koni lina maneno yake. Koni zenye mwinuko mpole hurudisha wimbi refu lisilo kali, kwa hiyo nguvu inapatikana kwenye eneo pana. Koni kali hurudisha wimbi kali la muda mfupi: nguvu nyingi, lakini kwenye eneo jembamba. Ukiliona bomba lenye tumbo nene na mkia uliokatika ghafla, jua limetengenezwa kwa ajili ya mbio.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa hela

*Unaendeshea wapi?* Watu wengi hukosea hapa. Tangazo likisema "inaongeza farasi" bila kusema kwenye mzunguko gani, halijakuambia kitu. Kama unachezea kwenye vumbi, mchanga, majani, na kona nyingi, unahitaji nguvu inayoanza mapema na kuenea. Bomba la mizunguko ya juu litakufanya usubiri kila ukitoka kwenye kona, halafu nguvu ikija inakuja yote kwa pamoja na gari linageuka lilikotoka. Bomba la juu ni la mtu mwenye uwanja mpana na vidole vyenye uzoefu.

*Klachi yako inashika wapi?* Magari haya yana gia moja na klachi inayoshika yenyewe kwa mzunguko. Ikiwa klachi inashika kwenye 7,000 na bomba linaanza kuamka kwenye 10,000, katikati hapo gari litazubaa kila ukiondoka. Utalazimika kuweka springi ngumu zaidi za klachi au kupunguza meno ya gia ndogo. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, maana bomba linakuja na wadogo zake.

*Linaingia?* Swali la kijinga, na watu wengi limewagharimu. Pima nafasi kati ya bomba na bodi, bomba na tangi, bomba na tairi la nyuma suspensheni ikiwa imebonyea kabisa. Bodi ni ya plastiki. Bomba likiwa karibu mno, bodi itayeyuka siku ya kwanza. Angalia pia nafasi ya matundu ya boliti kwenye silinda yako.

*Limeshikwa vipi?* Injini ya silinda moja inatetemeka vibaya. Bomba lililofungwa kwa ugumu kila mahali litapasuka kwenye maungio. Tafuta lenye maungio ya springi au kiungo cha mpira wa silikoni unaohimili joto, na mkono wa kulishikilia kwenye fremu. Chuma ni kizito ila kinavumilia kupigwa na mawe na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukirekebisha. Alumini ni nyepesi lakini inabonyea, na si kila fundi anaichomelea.

*Mkia wake una sailensa?* Kile kijibomba chembamba cha mwisho si pambo. Ndicho kinachoamua presha na joto linalobaki ndani. Kikiwa kipana mno unapoteza nguvu. Kikiwa chembamba mno joto linarudi kwenye pistoni, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo usichomelee sailensa yako ya kubuni yenye tundu dogo zaidi. Nunua bomba lililotengenezwa pamoja na sailensa yake. Gharama yake kwenye nguvu ni ndogo, na faida yake ni kwamba majirani na wenye uwanja watakuruhusu kurudi wiki ijayo. Viwanja vingi vya mchezo huu hufungwa kwa sababu ya kelele.

Siku ya kwanza: hapa ndipo pistoni zinapokufa

Turudi kwa mwenzetu. Bomba jipya lilikuwa linafyonza vizuri, kwa hiyo hewa nyingi zaidi ilikuwa inapita kwenye injini. Kabureta inajitahidi kufuata, ila haikusetiwa kwa ajili ya hali hiyo. Uwiano ukageuka: hewa nyingi, petroli kidogo. Mafundi huita mchanganyiko mkavu.

Kwenye gari la kawaida mchanganyiko mkavu ni tatizo moja. Kwenye tu-stroki ni matatizo mawili kwa mpigo. Joto linapanda, na wakati huohuo *oili inapungua*, kwa sababu oili yote inaingia ikiwa ndani ya petroli. Hakuna pampu ya oili hapo. Petroli kidogo maana yake ulainishaji kidogo. Pistoni ya alumini inavimba kwa joto, inabana kwenye silinda, inachubuka. Na inaanzia upande wa tundu la moshi, upande wenye joto kuliko wote. Ndiyo ile mistari aliyotuonyesha.

Cha kusikitisha ni kwamba kabla ya kunoki, injini iliyo kavu kidogo huwa na nguvu kweli. Inalia kwa sauti nyembamba tamu. Unacheka huku inakufa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Changanya petroli na oili sawasawa. Kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Kwa uwiano wa 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili.
2. Kabla ya kuwasha, fungua skrubu ya H ya kabureta, ile ya mizunguko ya juu, kwa robo ya nusu ya mzunguko, yaani moja ya nane, kinyume na saa. Unaongeza petroli. Anza na mchanganyiko mzito, punguza taratibu.
3. Ipashe moto injini kwanza. Bomba baridi linabeba sauti polepole, kwa hiyo linafanya kazi kama bomba refu, na hisia ya dakika ya kwanza itakudanganya.
4. Endesha dakika chache, zima, toa plagi ikishapoa. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe ni hatari, ongeza petroli. Nyeusi yenye unyevu ni nzito, punguza kidogo.
5. Kagua boliti za ekzosi baada ya tangi ya kwanza. Gasketi ikivuja karibu na silinda, mawimbi yanavuja pia, na hesabu yote inaharibika.
6. Usiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika moja. Kaboni monoksidi haina harufu.

Pima mwenyewe kwa simu

Sasa sehemu tunayoipenda sisi. Utajuaje kama bomba limeleta kitu kweli, au ni hela yako inayokushawishi? Huhitaji maabara. Pakua programu yoyote ya simu inayoonyesha masafa ya sauti. Injini ya tu-stroki ya silinda moja inalipuka mara moja kila mzunguko, kwa hiyo masafa ya sauti yake ya msingi mara 60 ni mizunguko kwa dakika.

Simama pembeni, mbali kidogo na njia. Mwambie rafiki alipitishe gari mbele yako kwa kasi ya mwisho. Chukua kilele cha chini kabisa kilicho kikali wakati linakuja, na wakati linaondoka. Tuseme umepata hezi 270 likija na 248 likiondoka. Wastani ni 259. Mara 60 ni mizunguko 15,540 kwa dakika. Halafu kuna zawadi ya bure: tofauti ni 22, gawa kwa jumla yake 518, zidisha kwa 343. Unapata mita 14.6 kwa sekunde, kama kilomita 52 kwa saa. Ni athari ya Doppler, ileile inayobadilisha mlio wa ambulensi ikikupita.

Pima na ekzosi ya zamani kabla hujaifungua, kisha pima na mpya, siku hiyohiyo, uwanja huohuo, gia ileile. Pima pia muda wa kutoka kusimama mpaka mita 30. Kama kasi ya mwisho imepanda lakini muda wa mita 30 umeharibika, umenunua bomba la mbio kwa ajili ya uwanja wa kona. Bado unaweza kulirudisha, kubadilisha gia, au kumuuzia mwenye uwanja mpana.

Na mwenzetu? Alibadilisha pistoni na ringi, akasugua silinda, akarudisha bomba lilelile. Safari hii alianza na bisibisi kwanza. Gari linatembea mpaka leo. Ile pistoni iliyochubuka iko kwenye dirisha la maabara, juu ya vitabu, na kila mwanafunzi mpya anayeuliza ni ya nini anapewa darasa hili lote.